Karani wa Tali na Alama za Mtaa Wetu

Ukimwambia Karani kwamba jana harusini kulikuwa na watu wengi, alikuuliza, "Uliwagusa?" Wala hakuwa anatania. Utu uzima wake wote aliumalizia bandarini kwenye kazi ya tali, ile kazi ya kusimama kando ya shehena na kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichoshuka, na kazi hiyo ilimwachia itikadi moja tu: "Gunia usilolishika halijafika." Nahodha aseme limefika, wakala aseme limefika, dereva wa lori ale yamini kwamba limefika, maadamu kiganja cha Karani hakijalipiga, gunia lile lilikuwa bado baharini.

Pale Kibokoni, mtaani kwetu Mombasa, hakuna aliyemwita kwa jina. Hata marehemu mkewe alimwita Karani, ila yeye alilitamka neno hilo kwa sauti ya mtu anayewaomba radhi wageni. Mtu akirudi safari, Karani alimpiga kofi la bega, akatulia kidogo, akasema, "Umefika." Ndipo salamu zikaanza. Mfukoni mwa kanzu alikuwa na kipande cha chaki, na alichokwisha kukigusa alikitia alama ndogo ya mkwaju: mlango uliotiwa rangi upya, mkokoteni uliorudi kwa fundi, papai alilokusudia kulinunua akitoka msikitini. Sikukuu moja nilikaa barazani siku nzima nikipokea wageni huku mgongoni mwa kanzu yangu mpya pana mkwaju mweupe. Hakuna aliyeniambia. Kila mtu alijua kwamba nimehakikiwa.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kuupima mtaa wetu.

Shirika moja lilikuja na mradi wa kuipima mitaa ya kisiwani, ijulikane ni mtaa upi unaishi kwa namna ambayo wajukuu watakuta kitu, na upi unakula mpaka mbegu. Kila mtaa ungepewa rangi: nyekundu, manjano au kijani. Mtaa utakaopata kijani ungetengenezewa jambo moja ambalo wenyewe wataliomba. Sisi hatukuhitaji kikao. Tuliomba mtaro, na kila aliyesema mtaro alikuwa anamaanisha Bi Rukia.

Mtaro wetu hushuka na kichochoro, ukapita chini ya kizingiti cha Bi Rukia, na hapo ndipo ulipokuwa umebomoka. Kila masika maji yalikiacha kichochoro yakaingia kwake. Bi Rukia alikuwa akipika mahamri na mbaazi za nazi, akiuzia chumba cha mbele, na mvua zikianza alipandisha unga kitandani, yeye mwenyewe akalala kwenye kiti. Mwanawe alikuwa amemtengenezea chumba Kisauni, chenye sakafu ya vigae na bomba lake mwenyewe. Bi Rukia alikuwa ameshatangaza, tena kwa sauti ya kusikika hadi ghorofani.

"Masika ya mwakani yakinikuta na mtaro huu, nahama. Wallahi nahama! Mtakula mikate ya dukani mpaka muote ukungu."

Karani alikuwepo siku hiyo. Alikaa kizingitini mwa nyumba yake, mkabala na ya Bi Rukia, akitafuna. Kila asubuhi alichukua kwa Bi Rukia sahani ya mahamri, na kila adhuhuri aliirudisha imeoshwa, na kwa kuwa kwetu sahani ya watu hairudi tupu, juu yake paliwekwa chungwa, au ndimu, au kipande cha halua kilichofungwa karatasi. Mtu aliyekuwa akikataa kusema "mengi" au "machache" bila ya kushika, alichagua chungwa lile sokoni kwa muda ambao wauzaji walikuwa wameuzoea. Sisi barazani tuliona, tukanyamaza. Kuna mambo ambayo mtaa wa adabu huyapima kwa macho tu.

Afisa wa mradi alikuwa Mercy, binti wa bara aliyefanya kazi kwenye ofisi karibu na stesheni ya reli, mwenye subira na viatu visivyofaa vichochoro vyetu. Alipoulizia mtu wa kuupima mtaa, wote walimtaja Karani: wengine kwa sababu hahongeki, wengine kwa sababu walidhani magoti yake hayataweza ngazi. Mimi niliwekwa niwe wa picha. Karani akishika, mimi nipige.

Siku ya kwanza waligombana juu ya miti. Maswali ya mradi yalitaka kila nyumba iwe na mti wa kivuli.

"Binti yangu," Karani alisema, "nyumba hizi zimeshikana mabega. Mti utasimama wapi, chumbani?"

"Mzee, mti ni kwa ajili ya kivuli."

"Kivuli kiko." Akamshika mkono, akamtoa juani, akamwegesha ukutani mwa nyumba ya ghorofa mbili. "Hapa huoni baridi?"

"Naona baridi, mzee."

"Basi tia alama."

"Mzee, hapa hapana mahali pa kujaza ukuta."

Karani aliupiga ukuta kofi, akautia mkwaju wa chaki, akaniambia nipige picha. Ile picha bado ninayo: Mercy kando ya ukuta mtupu, anacheka kama mtu aliyekatazwa kucheka. Wazee wa kamati ya mtaa walijaribu kumshawishi ahesabu miti iliyoko kwenye Ngome ya Yesu, kwa hoja kwamba watalii wakiipiga picha wanasema wako Mji wa Kale, na sisi ndio Mji wa Kale. Karani alikataa. Alikwenda, akaigusa, akarudi na jibu kwamba miti ipo, ni mizuri, na si yetu. Miti tukapata sifuri.

Halafu yakaja mapipa. Kila nyumba ilitakiwa iwe na mapipa matatu ya taka ya rangi mbalimbali. Mtaa mzima walikuwa nayo watu wa nyumba moja tu, waliyoletewa na mkwe wao kutoka Ughaibuni. Lakini kwetu, mtu akiwa na harusi haendi kununua masufuria, huazima. Sufuria la pilau la mtaa wetu limeingia nyumba nyingi kuliko posta. Kwa hiyo kina mama hawakuona ajabu: Karani alipoingia nyumba ya kwanza, mapipa yalikuwepo; alipotoka, yalipitishwa uani, juu ya ukuta, nyumba ya pili. Yakamtangulia mtaa mzima, na kopo lililopandwa asumini, lililokusudiwa kuhesabiwa mti, likiyafuata nyuma kama bibi harusi.

Shida ni kwamba Karani aliyashika kila mahali. Kwenye nyumba ya pili alikuta kwamba mapipa yana mikwaju yake ya chaki.

"Bi Maimuna," alimwambia mwenye nyumba, "mapipa haya nimeshaonana nayo."

"Mapipa yote hufanana, Karani."

"Na asumini huyu naye?"

"Asumini ni asumini! Kwani wewe humjua kwa sura?"

Nyumba ya tatu chaki ilikuwa imefutwa, lakini mapipa yalikuwa maji maji. Nyumba ya nne yalikuwa yamekauka, na nyuma ya mlango mtu alikuwa akihema. Karani alisalimia, akakaa, akaomba maji ya kunywa, akafikiri. Kisha akafanya jambo lililomtia Mercy kiwewe kwa wiki nzima. Kwenye swali la mapipa aliandika kwamba mtaa una seti moja. Kwenye swali jingine, lililouliza kama majirani hutumia vyombo kwa pamoja badala ya kila mtu kununua vyake, alitupa alama zote, akaeleza kwamba ushahidi umepita mbele yake ukikimbia.

Ila kwa habari ya ulaji, mimi mwenyewe nisingeamini kama sikuwepo. Swali liliuliza: baada ya mlo, chakula kiasi gani hubaki? Mradi ulitaka kibaki kidogo. Lakini mwulize mama wa Mombasa kama kwake chakula hubaki, ataisikia kama tusi. Nyumba isiyobaki chakula ni nyumba ambayo mgeni akija ghafla atatazama ukuta.

"Hubaki!" alisema Bi Maimuna. "Alhamdulillahi, hubaki mpaka tunashindwa kukipeleka."

"Kwangu hubaki sufuria nzima," alisema jirani yake kutoka dirishani, hali hakuulizwa.

"Weye sufuria? Mie sinia!"

Mercy alikuwa karibu kulia. Kwa majibu yale mtaa wetu ulikuwa unatupa chakula cha kushibisha kambi. Akamwambia Karani, "Mzee, wakisema hivi mtapata nyekundu." Na kutoka upande wa pili wa kichochoro Bi Rukia, aliyekuwa akisukuma unga, alisema bila ya kuinua kichwa, "Hayo. Naanza kufunga mizigo."

Nilimwona Karani akimtazama. Kisha alimgeukia Mercy. "Gunia la maneno hilo. Chakula sijakishika."

Tukarudi saa za kula. Aliingia kila nyumba watu wakimaliza, ili ayashike mabaki kwa mkono wake. Ila mgeni anayeingia watu wakila, kwetu, haachwi akashika na kutazama. Alikaribishwa, akawekwa mkekani, na kile kilichobaki kikawekwa mbele yake: wali wa nazi, mchuzi wa papa, kachumbari. Kukataa kungekuwa kuikosea nyumba heshima. Alikula. Alipokwisha kula, aliinua sufuria, akalipiga kofi kitakoni, akasema, "Hakuna kilichobaki." Ikawa kweli.

Alifanya hivyo nyumba hadi nyumba, siku baada ya siku, mpaka vifungo vya shati lake vikaanza kulalamika. Mercy alimwambia kwamba vile sivyo mabaki yanavyopimwa.

"Nimeyakuta?" aliuliza Karani.

"Umeyala!"

"Nilipoinuka yalikuwepo?"

"Hapana, mzee."

"Basi."

Hakuona kwamba amedanganya, na mpaka leo sijui kama alidanganya. Bandarini, alisema, tali huandikwa kazi ikiisha, haiandikwi ikianza.

Nisimfanye kuwa mtu wa kufuata kanuni kwa kila jambo, kwa sababu hakuwa. Chini ya godoro lake kulikuwa na mifuko ya plastiki ya zamani, ile iliyopigwa marufuku, imekunjwa pembe tatu kama sambusa, imelazwa safu safu. Nilimuuliza ataifanyia nini.

"Nikiitupa, nimechafua. Nikiitumia, nimevunja sheria. Nikiilalia, nimehifadhi."

Na swali la mradi lililouliza kama wakazi wanajua taka zao huenda wapi lilimfanya avuke mji. Kila mtu mtaani alijibu, "Kibarani," kama tulivyojibu tangu utoto, wakati malori yakimwaga pale karibu na daraja la Makupa na moshi ukitusalimu tukitoka kisiwani. Karani akanichukua tukaenda. Palikuwa na nyasi na miche ya miti. Alitembea huku na huku, akainama, akazishika nyasi, akazinusa vidole.

"Taka zetu hazipo," alisema.

"Zilihamishwa zamani, Karani. Jalala limefungwa."

"Wote wamesema Kibarani."

"Ni mazoea tu."

Alifikiri kutwa. Mwishowe aliandika kwamba wakazi wanajua vizuri sana zilikokuwa zikienda. Tukapata nusu.

Alama zilipojumlishwa, Mercy alikuja mwenyewe barazani kutusomea, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyopunguza sauti. Matumizi ya maji: alama zote, kwa sababu mifereji yetu ya bomba hukaa kavu siku nyingi kuliko inavyotoa maji. Matumizi ya stima: alama zote, kwa sababu stima hukatika. Magari: alama zote, kwa sababu kichochoroni kwetu hata punda hupita ubavu. Chakula: hakuna kilichobaki. Mtaa wetu ulifaulu kwa vitu tusivyokuwa navyo. Tukapata kijani.

Vigelegele vilipigwa. Bi Rukia alifungua mzigo mmoja, mwingine akauacha umefungwa. "Nangoja nione jiwe," alisema.

Jiwe likaja, ila halikuwa la mtaro. Mradi ulieleza kwamba awamu ya kwanza ni utambulisho, na awamu ya pili, baada ya kupimwa tena, ndiyo ukarabati. Kwa hiyo tuliletewa bango: kubwa, la chuma, limeandikwa MTAA ENDELEVU juu ya picha ya mti wa kivuli. Mafundi walilizungusha mtaa mzima wakitafuta pa kulisimamisha. Kila mahali palikuwa na ukuta wa mtu, baraza ya mtu, kizingiti cha mtu. Mahali pekee pasipo na mwenyewe palikuwa ndani ya mtaro, hatua chache kabla ya mlango wa Bi Rukia, upande yanakotoka maji. Wakamimina zege hapo.

Wazee walipiga kelele, zege halisikii. Bi Rukia alilitazama bango lile kwa muda, akasema, "Mti wenyewe una kivuli, angalau." Akaanza kuufunga tena ule mzigo alioufungua.

Masika yakaja. Maji yalishuka na kichochoro kama desturi yao, yakafika kwenye zege, yakasimama kama yanayosoma bango, yakakata kulia. Kulia kuna mlango wa Karani. Nyumba yake imeshuka ngazi mbili kuliko kichochoro, jambo ambalo halikuwahi kumdhuru kwa kuwa mtaro ulikuwa upande wa pili. Maji yaliingia kwake yote. Kwa Bi Rukia hayakuingia hata ya kulowesha ufagio.

Kulipokucha Bi Rukia alikuwa mlangoni na kijiko cha kugeuzia mahamri, anakitazama kizingiti chake kikavu. Mwanawe alimpigia simu kutoka Kisauni kwamba gari iko tayari. Tulimsikia sote: "Gari ya nini? Njoo kula mahamri."

Sisi tulimwambia Karani apige ripoti. Tulimwambia kwa upole, halafu kwa dhihaka. "Yakhe, umekuwa samaki?" "Karani, mifuko yako inaelea!" Alijibu kwamba mifuko ya plastiki hailowi, ndiyo sifa yake. Aliinua godoro juu ya meza, akaendelea na maisha. Kila mvua kubwa ikinyesha, alikunja suruali, akangoja. Hakulalamika kwa kamati, wala kwa imamu. Sahani iliendelea kwenda na kurudi, sasa ikivuka maji.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa kitambo ilikuwa asubuhi ya ile tathmini ya pili. Safari hii Mercy alipima mwenyewe, kwa sababu mradi ulikuwa umeamua kwamba mtu asiupime mtaa wake. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Alinikuta kichochoroni akaniomba nifuatane naye, akaniambia njiani, kwa uchungu, kwamba fedha za ukarabati hazijaidhinishwa, lakini jambo moja anaweza. Ikiwa bango limeleta madhara kwa nyumba yoyote, mwenye nyumba aseme tu, na mafundi watalivunja zege kesho yake. Mtaro utarudi ulivyokuwa.

Tulimkuta Karani amekaa juu ya kiti, miguu ameipandisha kwenye stuli. Maji yalikuwa yamefika nusu ya ngazi ya chini. Mercy alivua viatu, akaingia, maji yakamfika vifundoni.

"Sabalkheri, mzee."

"Sabalkheri, binti yangu. Karibu. Kaa."

Hapakuwa na pa kukaa. Mercy alimweleza habari ya bango, polepole, kama mtu anayemwonyesha mwenziwe mlango uko wapi. Kisha akauliza, kwa sababu ilibidi aulize:

"Mzee, maji ya mvua huingia nyumbani mwako?"

Karani aliyatazama maji. Aliinama akatia mkono ndani yake mpaka kiganjani, akautoa, akaukung'uta. Mlango ulikuwa wazi, na ng'ambo ya kichochoro tulimwona Bi Rukia ameinamia karai lake, mafuta yanachemka, mizigo haipo tena nyuma ya mlango.

"Hayaingii," alisema.

Mercy alitazama miguu yake mwenyewe. "Na haya, mzee?"

"Haya yanatoka."

Wakati huo huo ndara moja, nyekundu, ya kike, iliingia kutoka nje. Ilishuka ngazi ya kwanza, ikazunguka, ikatupita sote watatu bila haraka ikaelekea kitandani. Kutoka ng'ambo sauti ikaita:

"Karani! Ndara yangu haikupita huko?"

"Ipo, Bi Rukia! Usitoke, utalowa! Ntakuletea!"

Mercy alisimama na kalamu mkononi. Aliitazama ile ndara, akamtazama mzee, akatazama mlango wa ng'ambo kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji.

"Basi, mzee," alisema. "Naandika yanatoka."

Karani alishuka kitini. Alikunja suruali hadi magotini, akaiokota ndara, akatoka nayo akikanyaga maji taratibu kupita chini ya bango, mkono mmoja ukutani, mwingine ameuinua juu ya kichwa, ile ndara iliyokwisha kurowa chepechepe ameishika juu kabisa, isije ikalowa.